Refa Mpya, Tazama Miguu: Sheria za Msingi za Mpira wa Kikapu

Assalaam aleikum, karibuni. Mkisikia mvumo kwenye sauti, huo ni upepo wa kusi, simu zenu hazina neno. Tuko Lamu, kwenye uwanja wa saruji, jua limeanza kupoa. Nyuma yangu kuna vijana sita niliowaomba watuchezee polepole. Nikisema "simama" watasimama vile vile walivyo, hata kama mguu uko hewani, kwa hivyo wakianguka mtawasamehe.

Video hii ni ya yule aliyekabidhiwa firimbi jana. Mimi nilikabidhiwa kwa kuwa nilikuwa nimeteguka kifundo cha mguu, na watu wakaona asiyeweza kucheza basi aamue. Hakuna aliyeniambia nisimame wapi wala nitazame nini. Nikaufuata mpira uwanja mzima kama mchezaji wa kumi na moja.

Twaanza kabla ya mchezo. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, mamlaka ya refa huanza dakika 20 kabla ya mechi, nawe zitumie. Pita uwanjani kwa miguu yako. Hapa kwetu adui wa kwanza ni mchanga: upepo ukivuma, saruji yawa kama imemwagiwa mafuta. Omba fagio, usione haya. Tazama ringi kama imekazwa. Kimo chake ni mita 3.05 kutoka chini. Wanaume hutumia mpira namba 7, wanawake namba 6, ambao ni mdogo kidogo. Uangushe kutoka usawa wa kichwa chako. Usiporudi hata kiunoni, ujazwe upepo.

Halafu wachezaji. Saa, pete, hereni, mikufu, vyote vivuliwe. Na hapa nataka nieleweke vizuri, maana nimeona mabinti wakitolewa uwanjani bila haki: kufunika kichwa kunaruhusiwa. FIBA ilibadilisha kanuni hiyo mwaka 2017. Wewe kagua tu kwamba uso uko wazi, kitambaa kimebana, hakina pini wala ncha inayoning'inia, na wenzake waliofunika wamevaa rangi moja naye. Nawaambia mabinti waje na kile cha kuvalia kichwani, kisichohitaji pini. Ukimkuta mwenye pini, mpe dakika mbili abadilishe. Usimfukuze.

Sasa, pa kusimama. Marefa wakiwa wawili, mmoja hutangulia na kusimama nyuma ya mstari ulio chini ya ringi. Mwingine hubaki nyuma ya mpira, upande wa pili. Timu ikinyang'anywa mpira na mchezo ukageuka, aliyekuwa nyuma ndiye anayetangulia. Hamkimbizani kubadilishana nafasi, mchezo wenyewe ndio unaowabadilisha.

Tazama hapa. Huyu wa jezi nyeupe anarusha. Nyote mmeinua macho, sivyo? Mimi pia niliinua, siku ile ya kwanza. Mpira ulikuwa hewani, uso wangu uko juu, na chini yake kiwiko kikampata mtu mdomoni. Nilipoteremsha macho nikaona damu kwenye jezi na watu kumi wananitazama. Sikuwa na la kusema, kwa sababu sikuona kitu.

Tuirudie. Mpira ukiruka, refa wa nyuma ndiye anayeufuata kwa macho, aone kama kuna mlinzi anayeugusa ukiwa umeshaanza kushuka kuelekea ringini. Hilo ni kosa, na kikapu huhesabiwa. Refa wa mbele hana haja na mpira huo. Yeye abaki na miili: viwiko, viuno, mikono inayovuta jezi. Mazoezi yake ni rahisi kuyataja na magumu kuyafanya. Nenda katazame mechi, robo nzima, dakika 10, bila kuutazama mpira ulio hewani hata mara moja.

Mechi ina robo nne za dakika 10. Wakitoka sare, huongezwa dakika tano. Mpira hurushwa juu katikati ya uwanja mara moja tu, mwanzoni. Baada ya hapo, wawili wakiushika pamoja na hakuna anayeachia, hatuwarushii tena. Twatazama mshale ulio kwenye meza ya waandishi wa mechi, upande unaoelekea ndio unaopata mpira, kisha mshale unageuzwa. Wetu ni kipande cha kartoni kilichochorwa kwa kalamu nene, na wafanya kazi vizuri tu.

Tufike kwenye kosa linalowatesa wapya: kutembea na mpira. James Naismith alipouanzisha mchezo huu huko Springfield, Marekani, Desemba 1891, aliandika kanuni 13, na katazo la kukimbia na mpira lilikuwamo tangu siku hiyo.

Njoo hapa, kijana, shika mpira, simama. Sasa weka mguu wa kulia mbele, rudisha, zungusha, peleka nyuma. Mwaona? Wa kushoto haujaondoka. Ule ndio mguu wa nanga. Jahazi likitia nanga laweza kugeuka na upepo, tezi ikawa ilipokuwa omo, lakini nanga iko pale pale chini. Mradi mguu ule haujainuka, azunguke mpaka achoke. Akitaka kudunda, mpira utoke mkononi kwanza ndipo nanga ing'olewe. Akitaka kurusha au kumpa mwenzake, anaweza kuruka na mguu wa nanga ukainuka, ila mpira umtoke kabla mguu wowote haujarudi chini.

Hiyo ni kwa aliyesimama. Anayekimbia ana hesabu nyingine. Simamisha video hapa, kisha iendeshe polepole. Anadunda, anaukusanya mpira kwa mikono miwili, na wakati huohuo mguu wa kulia uko chini. Huo hatuuhesabu, ni sifuri. Kushoto, moja. Kulia, mbili. Amerusha. Halali! Watazamaji watapiga kelele "katembea huyo!" kwa sababu wameona miguu mitatu, lakini tangu 2017 kanuni za FIBA zaeleza hivyo. Anza kuhesabu pale mpira unapotulia mikononi, si kabla. Ukiona miguu imekwenda haraka kuliko macho yako, nyamaza. Firimbi ya kubahatisha humkera aliyecheza sawa, na utaisikia robo nzima.

Akivuka mbili, piga firimbi, inua mkono wenye kiganja wazi ili saa isimame, zungusha ngumi mbili moja juu ya nyingine mbele ya kifua, onyesha upande mpira unakoelekea. Kiganja wazi ni kosa lisilo la kugusana. Ngumi iliyoinuliwa ni faulo. Usizichanganye, mwandishi wa mezani anakutazama mkono kabla hajakusikia.

Sekunde nazipitisha upesi. Tatu: mshambuliaji asikae zaidi ndani ya eneo lililochorwa chini ya ringi, timu yake ikiwa na mpira kwenye nusu inayoishambulia. Aliye njiani kutoka mwache atoke. Tano: kurusha mpira kutoka nje, na pia kushikilia mpira ukiwa umebanwa na mlinzi aliye karibu. Nane: kuvusha mpira nusu ya uwanja. Ishirini na nne: kurusha ringini, na mpira ukigusa ringi ukarudi kwa timu ileile, saa huwekwa 14. Kama hamna saa ya 24, kubalianeni na makocha kabla ya mchezo nani atahesabu na vipi. Nane na tano zihesabu kwa mkono unaoonekana, usihesabu moyoni.

Sasa kugongana, na hapa nitakaa. Mmepita Usita wa Mui, njia kuu ya hapa Lamu, asubuhi? Punda wanakuja na mawe ya kujengea, hamali na mkokoteni wake, na sauti mbele, "Simile! Simile!" Njia haitoshi wawili. Ikiwa mzee amesimama kwenye baraza lake tangu mwanzo na punda akamvaa, wa kulaumiwa ni mwenye punda. Lakini mtu akichomoka mlangoni ghafla, punda ameshafika, akapigwa kumbo, ajilaumu mwenyewe.

Basi ndivyo. Mlinzi wetu, njoo. Mtazame anayedunda, miguu yote miwili chini. Umefika kwanza, mahali ni pako. Akikuvaa kifuani, faulo ni yake. Na si lazima mlinzi awe amesimama kama nguzo. Hilo ni kosa la wapya wengi. Akishapata nafasi anaweza kurudi nyuma, kusogea kando, hata kuruka juu wima mikono ikiwa juu yake mwenyewe. Hewa iliyo juu ya mtu ni yake, kutoka sakafuni hadi vidoleni. Akiinama mbele, akatoa goti au nyonga nje, ametoka kwake, ameingia kwa mwenzake.

Asiye na mpira mpe nafasi zaidi. Huyo haoni akujaye, kwa hivyo mlinzi asimkatie njia bila kumwachia hatua ya kusimama au kugeuka.

Faulo ikitokea: firimbi, ngumi juu, nenda mahali ambapo meza inakuona bila kuzibwa. Simama. Kutoa ishara huku unakimbia kumewatatiza waandishi wengi. Kwanza namba. Mchezaji namba 23: onyesha vidole viwili, mgongo wa mkono ukiielekea meza, kisha vitatu, kiganja kikiielekea. Halafu aina ya faulo: mikono kiunoni ni mlinzi aliyeziba njia, ngumi kwenye kiganja ni mshambuliaji aliyevamia. Halafu mitupo huru mingapi, au mpira upande gani.

Aliyechezewa faulo akirusha, mpira ukaingia, kikapu chahesabiwa na anaongezewa mtupo mmoja. Usipoingia ni miwili, au mitatu kama alirushia nje ya mstari wa pointi tatu. Timu ikishafikisha faulo nne katika robo, ya tano na kuendelea ni mitupo miwili, hata kama hakuna aliyekuwa akirusha, isipokuwa faulo ya timu iliyo na mpira. Faulo tano za mtu mmoja, anakwenda kukaa.

Mwisho, mchezo huu mmoja. Tazama miguu pekee. Wa nyeupe anadunda, moja, mbili, ameruka. Simama hapo. Mguu wa kushoto wa mlinzi bado uko hewani, anakuja. Endelea. Wamegongana, mlinzi ameanguka chali kwa kishindo, mpira umeingia.

Ukitazama nani yuko chini utamhukumu wa nyeupe. Lakini mlinzi alifika mwenzake akiwa ameshaacha sakafu. Firimbi. Ngumi juu. Meza: nyeusi, namba 8, mikono kiunoni, kikapu chahesabiwa, mtupo mmoja. Kisha mpe mkono aliyeanguka, ainuke.