Kurekodi Mkono wa Mpiga Ngoma
Mhadhara kwa wanamuziki, Kampala

Ndugu zangu, dada zangu, habari za mchana. Nawaona wa Arua, wa Kasese, na ninyi mliofika kutoka Nakivale na magitaa migongoni. Karibuni sana. Tumekubaliana tuzungumze Kiswahili ili asibaki mtu nje, nami nimefurahi, maana jambo hili nimelibeba moyoni muda mrefu.

Ngoma hizi za umeme mnazoziona hapa mbele hazina sauti. Zima moduli, yaani kisanduku hiki cha pembeni, kisha upige: utasikia fimbo ikigonga mpira, basi. Ndani ya kila padi, yaani kisahani hiki cha kupigwa, kuna kihisi kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme. Moduli husoma umeme huo, ndipo sauti itoke. Ukitaka kurekodi una njia mbili. Unaweza kuvuta waya wa sauti kutoka kwenye moduli. Au unachomeka kebo ya USB na kuchukua MIDI, ambayo haibebi sauti hata kidogo. Inabeba habari tu: padi gani imepigwa, lini, na kwa nguvu gani. Nguvu hiyo huandikwa kwa namba, kuanzia 1 hadi 127.

Lugha hii ya MIDI ilionyeshwa hadharani Januari 1983 huko Marekani, kinanda cha Sequential Circuits kilipounganishwa na cha Roland, kampuni mbili zilizokuwa zikishindana sokoni, na vikaelewana. Hadi leo kompyuta yako inaielewa lugha ileile.

Nilijifunza thamani yake kwa uchungu. Niliwahi kurekodi kwaya moja kwa waya wa sauti, ngoma zote zikaingia kwenye treki moja. Kesho yake kiongozi wa kwaya akaona kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, inameza besi. Nikipunguza kiki, matoazi nayo yanapungua. Kijana wa watu akaitwa arudie wimbo mzima, na ule moto wa siku ya kwanza haukurudi. Ningekuwa na MIDI, ningebadilisha sauti ya kiki peke yake bila kugusa alichopiga. Tena faili lenyewe ni dogo: wimbo wa dakika 5 wa sauti ya stirio hula takriban megabaiti 50, lakini mapigo yake kwa MIDI hayafiki hata megabaiti 1. Bando lako halitaumia ukimtumia mwenzako aliyeko Mbarara.

Mkichomeka, wengi mtakutana na kioja hiki: unapiga kiki, kompyuta inalia kengele ya ng'ombe. Usidhani kifaa ni kibovu. Kila padi hutuma namba, na programu ya kurekodi kwenye kompyuta ina orodha yake ya namba. Katika mpangilio uliokubaliwa tangu 1991, kiki ni 36, sinea (ngoma ndogo yenye nyaya chini) 38, haihati (matoazi mawili ya pedali) iliyofungwa 42, iliyofunguliwa 46. Linganisha orodha mbili hizo, rekebisha, umemaliza. Kwa haihati ongeza uangalifu: mguu wako kwenye pedali kwa kawaida hutuma habari zake pembeni, kwa kidhibiti namba 4. Ukinakili noti ukaziacha habari hizo, haihati yako inaweza kukaa wazi wimbo mzima.

Sasa kuchelewa kwa sauti. Kompyuta hukusanya sauti kidogo kwenye bafa, yaani akiba ya muda, kabla ya kuitoa. Yenye bafa ya sampuli (vipande vidogo vya sauti) 1024, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, huchelewa milisekunde 23 kwa bafa hiyo moja tu. Mpigaji atasikia fimbo imetua na sauti bado iko njiani, naye ataanza kuikimbiza. Wenye kompyuta nzuri watashusha bafa hadi 128, iwe milisekunde 3 hivi. Sisi wa kompyuta za mitumba tufanye hivi: mpigaji asikilize moduli yenyewe kwa vipokea sauti vya masikioni, kompyuta inyamaze na kuandika noti tu. Sauti nzuri mtaiweka baadaye. Wala msiruhusu zote mbili zilie pamoja, maana kila pigo litasikika mara mbili.

Nakuja kwenye jambo lililonileta.

Kuna kitufe cha kunyoosha mapigo, yaani kulivuta kila pigo hadi kwenye kigawo cha karibu cha mdundo; maprodyusa hukiita kwantaizi. Mzee mmoja, mpigaji wa embuutu, ngoma kubwa ya Kiganda, tangu ujana wake, alikubali kunipigia baakisimba, mdundo wa kuchezea wa Waganda, kwenye padi hizi kwa viganja, baada ya mimi kuongeza usikivu wa moduli. Alipoondoka nikakibonyeza. Aliporudi kusikiliza akaniuliza ni nani huyo anayepiga. Hakuutambua mkono wake mwenyewe!

Nikakaa kutafuta kosa. Baakisimba hugawa pigo kubwa mara tatu. Programu yangu ilikuwa imepangwa kugawa mara nne. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, kigawo cha kwanza cha mzee kilikaa kwenye milisekunde 167, programu ikakivuta hadi 125. Cha pili kikatoka 333 kikapelekwa 375. Ngoma ikawa inachechemea. Nami nilikuwa nimeihesabu kazi hiyo kuwa usafi!

Hata mngechagua mgawanyo wa tatu, msinyooshe kwa asilimia 100. Engalabi, ile ngoma ndefu, huingia ikiisukuma embuutu mbele kidogo, empuunyi, ngoma ya besi, inashikilia chini, na katika nafasi hiyo ndogo ndimo miguu ya mchezaji inamokaa. Programu nyingi hugawa pigo moja vipande 960, kwa hiyo zina uwezo wa kuutunza mwachano huo mdogo. Anayeufuta ni sisi. Nakilini treki kwanza, ile ya asili muifiche isiguswe. Kisha nyoosheni pigo lililokosewa kweli, moja moja, kwa sikio. Na mhifadhi kila baada ya wimbo. Umeme wetu mnaujua.

Padi ziko tayari, metronomu, kile kihesabu mapigo, nimeiweka 12/8, mapigo manne yenye vigawo vitatu kila moja. Dada uliyekaa nyuma, nimeona vidole vyako vikicheza mezani tangu nianze. Njoo ukae hapa, utupigie.