Betri Ikikataa Chaji, Iamini

Ndugu zangu mafundi, habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kuzima mashine. Najua fundi seremala akikaa kitako saa moja, kuna droo ya mtu haijaungwa.

Nimekuja na betri mbili za drili, hizi za kisasa za lithiamu. Hii ya kwanza ni kuukuu, nimeipasua makusudi baada ya kuimaliza chaji, msiige. Tazameni ndani. Wengi tulidhani ni pande moja, kumbe ni seli kumi, yaani betri ndogondogo, kila moja milimita 18 kwa 65. Zimefungwa mbilimbili, jozi tano zikafuatana. Kila jozi ni volti 3.6, mara tano unapata 18. Zikijaa chaji kila moja inafika 4.2, jumla 21. Kwa hiyo mwenye duka akikwambia hii ni ya volti 20 ina nguvu kuliko ya 18, muulize jozi ngapi. Ni tano zilezile. Kilichobadilika ni stika.

Hii ya pili ina stika nzuri zaidi, amp-saa 5, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Ipokee, ipime mkononi. Nyepesi, siyo? Seli kama hizi kumi peke yake zinakaribia nusu kilo. Hii yote, na plastiki yake, ni gramu 300, basi seli kumi kama hizi hazimo. Hesabu hiyo mnaijua kuliko mimi, maana mbao bichi na kavu mnazitofautisha kwa kunyanyua tu.

Sasa nifike kwenye lililonileta. Drili za zamani zilikuwa na betri za nikeli na kadmiamu. Zile tuliambiwa ukizichaji kabla hazijaisha zinazoea, basi tukafundishwa kuzikamua mpaka drili isimame. Kwa betri zile ushauri ulikuwa na maana. Hizi za lithiamu ukizikamua hivyo unaziua. Drili ikianza kukohoa, chomoa betri, hata kama zimebaki skurubu mbili.

Sababu ni hii. Ndani ya kila seli kuna karatasi nyembamba ya shaba. Volti ya seli ikishuka chini ya 2.5 umeshaingia kwenye hatari; ikizidi kushuka na ikakaa huko kwa muda, shaba inaanza kuyeyuka kwenye majimaji ya ndani. Ukija kuichaji, ile shaba inaganda mahali si pake, na inaweza kuunganisha chanya na hasi humohumo. Hiyo ni shoti usiyoiona wala kuifikia. Ndiyo maana chaja nzuri inakataa na taa inapepesa.

Sisi tunafanya nini? Tunaishtua. Waya mbili kutoka betri nzima, sekunde chache, volti zinapanda, chaja inadanganyika. Msicheke, nimeshafanya. Ya kwanza ilidumu miezi miwili nikajiona bingwa. Ya pili ilianza kufoka jioni nikiwa nafagia, ikatoa harufu tamu kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Niliichota kwa koleo nikaitupa nje. Ingechelewa nusu saa ningekuwa kwenye daladala, na maranda yote yale yako chini ya meza.

Kwa hiyo chaji mbali na maranda, juu ya zege au kigae, na ufungapo karakana chomoa. Betri iliyotoka kwenye grainda ikiwa moto iache ipoe kwanza. Na usiiweke kwenye buti ya gari au juu ya kabati linalogusa bati; joto la saa nane mchana linaizeesha hata kama hufanyi kazi, na linaizeesha haraka zaidi ikiwa imejaa. Ukisafiri mwezi mzima, iache na nusu ya chaji. Misumari na betri visikae mfuko mmoja, hilo halihitaji maelezo.

Mzee pale anauliza: ikiwaka, si maji yataleta shoti? Zima swichi ya ukutani kwanza. Kisha maji, mengi. Tunachotaka ni kupoza, ili seli inayoungua isiiamshe jirani yake. Blanketi la moto halipozi. Na moshi usiuvute, una gesi inayounguza mapafu. Ukiona umekuzidi, toka.

Chaja zinazokuja na mzigo wa Marekani, someni mgongoni. Ikiandikwa volti 120 peke yake, umeme wetu wa 230 utaiunguza. Adapta ya plagi inabadilisha miguu tu, umeme unabaki uleule.

Na wenye shemeji Dubai wa kuwaletea: zidisheni volti kwa amp-saa. 18 mara 5 ni wati-saa 90, iko chini ya 100, abebe mkononi ndani ya ndege, ncha zimefunikwa, isiingie kwenye begi la kupakia. 18 mara 6 ni 108. Hiyo aombe ruhusa ya shirika la ndege kabla hajafika kaunta.

Nimesema mengi. Mita ninayo hapa. Leteni zile mlizozificha kwenye droo mkisubiri kuzishtua. Ikisoma chini ya volti 12.5, yaani 2.5 kwa kila jozi, tunaifunga ncha kwa plasta ya umeme na hairudi kazini, hata mwenyewe alie. Nani anaanza?