Rimoti stata inagoma? Shika mita kwanza, boksi baadaye

Haya jamani tuanze, wa huko nyuma mnanisikia? Sawa. Umefunga mwenyewe kwenye gari lako rimoti stata, yaani kile kifaa cha kuwasha injini ukiwa mbali, boksi lake limeungwa kwenye waya za gari, unabonyeza, gari kimya, au linawaka halafu linazima, na wazo la kwanza ni kwamba boksi bovu. Mara nyingi sio boksi, ni waya uliyouchagua kwa kuangalia rangi.

Rangi usiziamini, mchoro ulionao unaweza kuwa wa mwaka mwingine wa gari hilohilo. Chukua mita ya dijitali, weka volti za DC, nyeusi kwenye chuma cha bodi, nyekundu kwenye waya, zungusha funguo taratibu huku unaangalia. Waya wa moja kwa moja una volti 12 hata funguo ikiwa mfukoni. Wa ignisheni, ule unaolisha injini umeme ikiwa inawaka, unapata 12 ukiweka ON na ukipiga stata haukati, unashuka kidogo tu kwa sababu betri imebanwa. Wa aksesori, yaani wa redio na vitu kama hivyo, nao unaonyesha 12 lakini ukipiga stata unaenda sifuri halafu unarudi, na wa stata una umeme pale tu stata inapozunguka. Hapa ndo watu wengi wanapotea, anapima kwenye ON anaona 12 anafunga, hapigi stata aone, kumbe kashika aksesori, sasa akibonyeza rimoti stata inazunguka weee injini haishiki, haiwezi kushika kama ignisheni yenyewe haijapata umeme.

Na tafadhali sana, ile testa ya balbu usiichomeke kwenye waya usioujua, balbu inavuta umeme mwingi unaweza ukaunguza kompyuta ya gari. Soketi za njano ni za eabegi, hizo pita mbali kabisa.

Sasa eathi, ule waya wa boksi unaofungwa kwenye chuma cha bodi, hapa nakaa kidogo maana iliwahi kunila karibu siku nzima. Rilei, zile swichi za umeme za boksi, zinalia tatatata, boksi linawaka linazima, nabadilisha fyuzi, narudia kupima waya zote, ziko sawa, kumbe bolti ya eathi nimeifunga juu ya rangi. Mita nikiiweka kwenye mlio wa kupima kama waya umeungana ilikuwa inalia pii vizuri tu kwa sababu hakukuwa na mzigo. Eathi inapimwa ikiwa na kazi: mita kwenye volti za DC, mguu mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye waya wa eathi wa boksi, mwenzio abonyeze rimoti. Ukiona inapita volti 0.2 hivi, kwangua rangi mpaka chuma kitakate, funga upya.

Naona mkono pale... ndio, gari linawaka halafu linazima. Kama ni ndani ya sekunde moja mbili hiyo ni immobiliza, ulinzi wa gari dhidi ya wizi, gari halijaiona chipu ya funguo, na hapo waya utazipima mpaka kesho hazina kosa, unahitaji moduli ya kuipita. Kama linakaa kidogo ndo linazima hesabu taa za paking zimemulika mara ngapi ukalinganishe na kitabu cha boksi, mara nyingi boksi halijajifunza kasi ya mzunguko wa injini au waya wa breki umekosewa. Na stata ikiendelea kusaga injini ikishawaka zima hapohapo, inakula meno.

Kimya kabisa? Angalia swichi ya boneti, ikigusa chuma boksi linadhani boneti liko wazi.

Gari la gia za mkono usilifungie boksi la magari ya otomatiki, gari litaruka na mtu yuko mbele. Hata la otomatiki nalipima hivi, nje sio ndani ya banda maana ule moshi unaua: handibreki juu, vizuizi kwenye matairi, funguo ON, gia kwenye D, mguu juu ya breki bila kuikanyaga, mbele na nyuma hakuna mtu, bonyeza. Stata ikigusa hata kidogo, chomoa fyuzi za boksi, rudi kwenye waya wa gia, ule unaoliambia boksi kama gia iko P. Ikikataa, rudisha P ufunge makava.