Abiria Wamerudi, Fedha Je?

Wanafunzi wangu, leo tuhamie uwanja wa ndege wa Heathrow, London, kwa kuwa hesabu zake ziko hadharani.

Mwaka 2019 walipita pale abiria milioni 80.9. Korona ilipofunga mipaka mwaka 2020, wakawa milioni 22.1. Wengi hudhani huo ndio uliokuwa mwaka mbaya kuliko yote. Sivyo. Wa 2021 ulishuka hadi milioni 19.4, kwa sababu 2020 ilikuwa na Januari na Februari zenye safari kama kawaida, ilhali 2021 ilianza Waingereza wakiwa wamezuiwa kutoka majumbani.

Kwa miaka hiyo miwili hasara ilifika pauni bilioni 3.8. Mtaniuliza: abiria wakipungua, si matumizi nayo yanapungua? Kidogo tu. Walifunga majengo ya abiria namba 3 na 4, kwa muda wakatumia njia moja ya kurukia badala ya mbili. Lakini zimamoto, taa na ulinzi hugharimiwa vilevile, ndege iwe imejaa au ina watu kumi. Tena kulikuwa na deni la mabilioni, na sehemu yake hupanda kadiri mfumuko wa bei unavyopanda.

Hapo ndipo penye fundisho la mwaka 2022. Abiria walifika milioni 61.6, zaidi ya mara tatu ya mwaka uliotangulia, na bado, ukiondoa mabadiliko ya thamani ya kwenye makaratasi, hasara ilikuwa pauni milioni 684. Bei Uingereza zilikuwa zimepaa, na deni likapaa nazo. Wafanyakazi waliopunguzwa hawakuwa rahisi kurudishwa, hata Julai uwanja ukaweka kikomo cha abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku na kuyataka mashirika yaache kuuza tiketi zaidi za majira yale. Hebu fikirini, muuzaji anayefukuza wateja!

Kwa hesabu hiyohiyo, faida ilionekana 2023, pauni milioni 38 tu, kwa abiria milioni 79.2.

Nani aligharimia? Uwanja ulitaka tozo kubwa kwa kila abiria, na ukakadiria kwamba watakuja wachache. Mashirika ya ndege yakalalamika kwamba makadirio yamepunguzwa makusudi, maana abiria wakihesabiwa wachache, kila mmoja hulipishwa zaidi. Mdhibiti, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza inayoweka kikomo cha tozo hiyo, akakata katikati, pande zote mbili zikakata rufaa. Mwaka 2024 tozo ikashushwa, na abiria wakafika milioni 83.9, wengi kuliko wakati wowote kabla ya hapo.