Siku 10 zilizogeuka 70

Asalaam aleikum. Nashukuru mmekuja na mvua yote hii ya masika. Nilidhani nitazungumza na viti. Leo mada ni majina ya parameta, yaani ya vile vitu unavyoipa fanksheni (amri yenye jina lake) ivifanyie kazi.

Zamani kidogo, huko Wete, Pemba, nilimtengenezea mfanyabiashara mmoja wa karafuu programu ya madeni. Alitaka mkulima alipwe siku 10 baada ya mzigo kupimwa. PostgreSQL, programu ya hifadhidata niliyotumia, ina fanksheni ya kuundia muda, nami nikaandika make_interval(0, 0, 10): miaka sifuri, miezi sifuri, siku 10. Kumbe nafasi ya tatu ni ya wiki! Wakulima wakapangiwa malipo baada ya siku 70. Mzee mmoja alinipigia simu. Aliyoniambia siyasemi, humu mna watoto.

Dawa ilikuwa mumo humo: make_interval(days => 10). Ukitaja jina la parameta, nafasi haina kazi tena. Sisi hili tunalo mdomoni kila siku. "Khanga nimemnunulia mama", "mama nimemnunulia khanga", ni mamoja. Ile "m" ndani ya kitenzi imeshasema nani kanunuliwa.

Tabu iko kwenye fanksheni kongwe zinazokuja na hifadhidata yenyewe. Nyingi zilikaa miaka bila majina ya parameta. Ukiuliza kwa \df, amri ya PostgreSQL ya kuorodhesha fanksheni, unajibiwa "text, text", yaani maandishi na maandishi. Sasa ipi itangulie? strpos inataka kwanza maandishi, halafu neno unalolitafuta. position hufanya kazi ile ile, na neno ndilo linalotangulia. INSTR na LOCATE za MySQL, hifadhidata nyingine, nazo zimepeana mgongo vivyo hivyo. DATEDIFF, ya kupima tofauti ya tarehe mbili, ndiyo balaa: MySQL huchukua tarehe ya kwanza ikatoa ya pili, SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, hufanya kinyume.

Kwa hiyo majina yawekwe, tena kwa kufikiri. expr1 na expr2, ndivyo MySQL ilivyoziita tarehe za DATEDIFF, kwangu ni sawa na kumwita mtu "we hapo". Na usiharakishe, maana PostgreSQL hairuhusu kubadilisha jina la parameta kwa CREATE OR REPLACE, ile amri ya kuandika fanksheni upya juu ya ya zamani. Itabidi uifute fanksheni, na kila aliyeiita kwa jina la zamani ataharibikiwa.

Naam, ndugu hapo nyuma anauliza kama jina laweza kuwa la Kiswahili. Kwenye fanksheni yako mwenyewe, kwa nini lisiwe? Ile ya Wete niliiandika upya: muda_wa_malipo(siku => 10). Nilimwonesha yule mfanyabiashara, hajui kompyuta hata chembe, akaisoma mwenyewe, kisha akauliza kama zinaweza kuwa 14.