Saa 72 na mfuko wa kaki

Asalaam alaikum. Na wale wa Bwana asifiwe, hamjambo pia. Bwana mwenyekiti, mama zangu, wazee wangu, vijana mliosimama huko nyuma.

Nimeombwa nieleze klabu yetu itafanya nini mwaka huu juu ya ukatili wa majumbani. Waliokisia kwamba nitarudi kwenye mfuko wa kaki, ule wa karatasi wa kumsaidia aliyebakwa, wamekisia sawa. Nitarudi kila mkutano mpaka ununuliwe.

Kila mwaka, kutoka 25 Novemba hadi 10 Desemba, tunashona fulana za rangi ya chungwa, tunakodi tarumbeta, tunaandamana mpaka ufuoni. Sipingi maandamano. Lakini hesabuni nami. Binti wa mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa Malindi, ameingiliwa kwa nguvu Ijumaa saa nne usiku, na aliyemwingilia ni mtu wa nyumba hiyo hiyo. Dawa za PEP, zile za kuzuia virusi vya Ukimwi visishike mwilini, lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Jumamosi wazee wanaitwa. Jumapili baada ya alasiri wanakaa kitako, maslaha, yaani wazee kupatanisha nje ya mahakama, mbuzi wa faini anatajwa. Jumatatu saa mbili asubuhi mama anasema basi twende hospitali. Hapo saa 58 zimekwisha kwenda. Zimebaki 14, na bado nauli haijapatikana.

Na huyo binti, siku ya Jumamosi, ameshaogeshwa. Mama wa Kiswahili mwanawe akichafuliwa, jambo la kwanza ni maji. Simlaumu, ni huruma. Lakini ushahidi umekwenda na maji hayo, na nguo zimefuliwa au zimetiwa kwenye mfuko wa nailoni na kufungwa fundo. Nailoni hufungia unyevu ndani. Nguo ikitiwa ndani ikiwa na jasho, damu au manii, inatoa mvuke, inaota ukungu, na kwa joto letu hili la Malindi siku mbili zatosha. Mkemia wa serikali akiifungua hapati kitu cha kupima. Karatasi inapumua. Hiyo ndiyo sababu yote ya mfuko wa kaki, haina siri nyingine.

Msiniambie mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017. Ya dukani ndiyo. Fungueni kabati zenu mtazame.

Basi utaratibu ni huu. Asioge, asipige mswaki ikiwa mdomo ulihusika, na akiweza asiende haja kwanza. Nguo ikiwa mbichi, itandazwe kivulini, si juani, ikauke. Kila nguo na mfuko wake. Chupi haichanganywi na dera. Mdomo wa mfuko unakunjwa, unabandikwa utepe, aliyeufunga anatia saini juu ya utepe wenyewe na kuandika tarehe na saa. Kila mkono unaoupokea unaandikwa. Mfuko ukilala usiku mmoja kwenye meza ambayo hakuna anayejua ni ya nani, wakili wa mshtakiwa atauliza swali hilo moja tu na kukaa chini.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Nguo zikichukuliwa, huyu mtu anarudi nyumbani amevaa nini? Amekuja na dera moja, chupi moja, leso moja. Zote zimekuwa vielelezo. Kuna wanaokataa kuzitoa kwa ajili hiyo tu, kwa sababu hawawezi kutoka wodini uchi. Kesi inafia hapo, kwa kukosa dera la sokoni.

Kwa hiyo mfuko wetu una mifuko midogo ya kaki mitano, utepe, kalamu. Dera jipya na leso pea moja. Chupi mbili za saizi tofauti, kwa sababu saizi moja humkosa mtoto na humkosa mama mnene. Kandambili. Pedi pakiti moja. Sabuni, ya kutumia baada ya daktari kumaliza. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, pesa taslimu na ya chenji, maana mwendesha boda wa usiku hana chenji. Na karatasi yenye namba mbili: 1195 ya ukatili wa kijinsia, 116 ya watoto. Zote mbili kupiga ni bure. Mifuko michache iwe na kikoi na shati badala ya dera. Wanaume na wavulana pia huumizwa majumbani, na mwanamume akipewa dera atasema hana shida yoyote na kuondoka.

Nauli iwe ya kurudia. PEP ni siku 28, na inachafua tumbo. Watu huiacha siku ya tano, ya sita, si kwa ujinga, ni kichefuchefu na hakuna nauli ya kufuata dozi iliyobaki. Mwenzetu mmoja ampigie simu kila wiki amuulize amekula nini kabla ya kumeza.

Nasikia mtu akisema aanzie polisi, asije akaonekana amedanganya. Hapana! Hospitali kwanza. Matibabu ya aliyebakwa katika hospitali ya serikali ni bure, na hayangojei apige ripoti. Daktari anajaza fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, nakala tatu: ya polisi, ya hospitali, ya mwenyewe. Hiyo ya mwenyewe aitunze kama cheti cha kuzaliwa. Polisi wataandika OB, kitabu chao cha matukio, atoke na namba yake, kisha P3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza majeraha, nayo hailipiwi. Akiombwa hela ya P3 atupigie simu akiwa bado hapo kaunta.

Wazee wangu wa maslaha, nawaheshimu. Ugomvi wa mpaka, wa mahari, wa watoto kugombana, kaeni mpatanishe, Mungu awabariki. Lakini Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 40, haikumwachia baba, mjomba wala chifu uamuzi wa kusimamisha kesi ya kubakwa. Uamuzi huo ni wa mkuu wa mashtaka ya serikali. Mbuzi anayeliwa pale analiwa na watu wazima, na mtoto anaendelea kulala chumba kile kile.

Na mtu asije akasema kadhi atalimaliza. Kadhi ana mlango wake: ndoa, talaka, urithi, kwa Waislamu waliokubali kumwendea. Mama akitaka kuachika kwa sababu ya kipigo, huko ndiko. Kumfunga mpigaji si kazi ya mahakama yake. Milango ni miwili na anaweza kugonga yote.

Wakati unakwenda, naona mwenyekiti anatazama saa. Nitapita haraka.

Sheria ya 2015 ya ukatili wa nyumbani inaruhusu kuomba amri ya kinga mahakamani, na ya muda yaweza kutolewa hata mpigaji hajaitwa. Humo ndani hata wakwe kuingilia ndoa kumetajwa kuwa ukatili. Someni.

Kukabwa shingo. Hili silipiti haraka. Mwanamke akisema alikabwa, hata kama shingo haina alama, apelekwe hospitali usiku ule ule. Muulizeni: sauti imekwaruza? Kumeza kunauma? Alijikojolea? Tazameni weupe wa macho kama una vitone vyekundu. Uvimbe wa ndani huweza kumziba saa nyingi baadaye. Na mume aliyekaba mara moja ni hatari kuliko aliyepiga kofi mara kumi. Huyo mama asirudishwe kwake kwa ushauri wa kuvumilia.

Wazee wenye mvi pia ni ukatili wa nyumbani. Wako waliokimbilia Kaya Godoma, hifadhi ya wazee kule Ganze, kwa kuitwa wachawi na watoto wao wenyewe, na chini ya neno uchawi kuna shamba. Niliandaa mengi juu ya hilo, tutalipangia siku yake.

Picha: hakuna. Mpokeaji hapigwi picha, mfuko hauandikwi jina la klabu. Mji huu ni mdogo, dera lenye nembo yetu litamtangaza mtaa mzima.

La mwisho ni funguo. Mifuko ikikaa ofisini mwetu, Ijumaa saa kumi na moja jioni inafungiwa ndani mpaka Jumatatu, na nimeshawahesabia saa hizo. Naomba ikae minne kwa wauguzi wa zamu ya usiku, mitatu Mambrui, mitatu Gede, kila mmoja usainiwe unapotoka na ujazwe tena ndani ya siku mbili. Nataka majina matatu ya watakaoshika funguo na simu zao hazizimwi usiku. Nani wa kwanza?