Kioo cha Maji Kwanza, Rangi Baadaye

Ndugu zangu, nimekuja na lile lile. Mlionisikia mara nyingi mnivumilie, maana nachoka kuingia makumbusho ya reli yanayoendeshwa na watu wa kujitolea, nikakuta injini ya mvuke imepakwa rangi mpya, shaba inang'aa mpaka unajiona uso, lakini kijana aliyeisugua ukimuuliza maji ya boila, lile pipa la chuma linalochemsha maji yawe mvuke, yanasomwaje, ananyamaza.

Kwenye kibanda cha dereva kuna bomba fupi la kioo lililosimama wima, ndicho kioo cha maji. Juu linapokea mvuke, chini linapokea maji. Kiwango cha maji humo ndicho kinachokuambia kama dari ya tanuri imefunikwa. Dari hiyo chini yake moto, juu yake maji, na ni hayo maji yanayoizuia isiungue. Yakishuka ikabaki tupu, chuma kinalainika, mvuke unakikandamiza kwa nguvu, kinabonyea tanurini, na waliosimama mlangoni mwa tanuri ndio wanaopokea moto.

Hayo yalitokea. Tarehe 16 Juni 1995, karibu na Gardners, Pennsylvania, injini namba 1278 ilikuwa ikivuta treni ya watalii. Dari ikaachia. Watatu waliokuwa kibandani wakaungua. Wachunguzi wa serikali ya Marekani wakakuta maji yalikuwa yamepungua, vipimo vya maji vimeingia ukoko, matunzo duni, na wafanyakazi hawakufundishwa ipasavyo. Boila zima halikuruka kwa sababu vyuma vilivyoshikilia dari viliachia kidogo kidogo. Sasa niambieni, rangi ingesaidia nini pale?

Najua kuna atakayesema: basi injini zibaki baridi, watoto wazitazame tu. Hapana! Reli ya Talyllyn, kule Wales, mwenyewe alifariki 1950. Oktoba mwaka huohuo watu wakakutana Birmingham, na 1951 wakaanza kuiendesha wenyewe, wa kwanza duniani kuokoa reli kwa kujitolea. Injini Dolgoch, ya mwaka 1866, ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa wa msimu ule. Wangeifungia bandani, nani leo angejua inavyowashwa? Ufundi huu hauandikiki wote vitabuni. Unakaa mikononi, na mikono hiyo inazeeka.

Kwa hiyo kijana akija siku ya kwanza, msimpe brashi. Mpelekeni kwenye kioo cha maji. Afungue koki ya chini, maji na mvuke vitoke kwa kishindo, aifunge, atazame maji yanavyorudi. Yakipanda upesi, njia ni safi. Yakijivuta, kuna uchafu, na moto usiongezwe mpaka ijulikane ni nini. Kisha aende kioo cha pili cha boila hilohilo, alinganishe. Arudie mpaka afanye hivyo bila kukumbushwa.

Nilitaka kuzungumzia pia mataruma yanayooza na breki za mabehewa, na kwamba kila boila liwe na daftari lake la ukaguzi, lakini muda umekwisha. Injini iliyo nje imewashwa tangu alfajiri, kidogo kidogo, maana chuma baridi kikiharakishwa mabomba huvuja. Sasa ina mvuke. Tokeni wawili wawili, kijana na mzee, na kijana ndiye ashike koki.